Stesheni za Mlimani na Nyumba za Ishara

Wasikilizaji wetu, mtu akirudi kutoka Uingereza huulizwa kwanza habari za London, naye huzieleza: majumba makubwa, umati wa watu, na magari yapitayo chini ya ardhi. Sisi jioni hii hatutasema neno juu ya London. Twataka kuwasimulia habari za Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, ambayo tuliitumia yote, toka alfajiri hata usiku, kutazama stesheni ndogo za mashambani na nyumba za zamani za ishara katika njia ya reli iendayo toka Settle hata Carlisle, kaskazini ya nchi ile.

Tulikuwa watu watatu. Mmoja wetu ni mtoto wa stesheni masta. Marehemu baba yake alishika kazi miaka mingi katika vituo vidogo vya reli ya zamani baina ya Mombasa na Voi, na ni yeye aliyetushawishi kwenda. Sisi wawili, kusema kweli, tulidhani ya kuwa siku yetu itapotea bure.

Tulipanda gari katika mji wa Leeds kabla hakujapambazuka vema. Twaliita gari la moshi kwa desturi tu, maana siku hizi halina moshi wa makaa, injini yake hunywa dizeli. Baada ya saa moja hivi mashamba yakaanza kuinuka, nyumba zikawa chache, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo zikaonekana zikipanda vilima pande zote. Hapo ndipo tuliposhuka Settle.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini watu walipitisha reli katika milima ile ambayo haina mji wala biashara kubwa. Kampuni ya reli iliyoitwa Midland ilitaka kupeleka abiria wake Scotland, lakini njia ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, nayo haikuwa na haraka ya kumsaidia mshindani wake. Abiria wa Midland walicheleweshwa. Kwa hiyo mwaka 1866 Midland ikaomba ruhusa ya Bunge kujenga njia yake yenyewe, ikapewa. Baadaye kampuni hizo mbili zikapatana, na Midland ikaona hakuna haja tena ya kujitia katika gharama. Ikarudi Bungeni mwaka 1869 kuomba ruhusa ya kuiacha kazi, nalo Bunge likakataa. Basi wakalazimika kujenga wasichokitaka! Kazi iliendelea mpaka abiria wa kwanza walipopita tarehe 1 Mei 1876. Njia hiyo ina urefu wa maili 72 hivi, na toka karibu na Settle hupanda kwa muda wa maili 15 bila kupumzika, futi moja kwa kila futi 100. Mtembeao kwa miguu hautaona mwinuko huo, lakini injini iliyovuta magari mazito iliuona sana. Mkumbuke neno hilo la mwinuko, maana tutalirudia.

Pale Settle, kando ya stesheni, imesimama nyumba ya ishara iliyojengwa mwaka 1891. Ilifungwa mwaka 1984, na baadaye wapenzi wa reli wakaitengeneza, na mwaka 1997 ikahamishiwa mahali ilipo sasa. Siku za Jumamosi wazee wa kujitolea huwafungulia wageni. Ni chumba cha mbao kilichoinuliwa juu, chenye madirisha ya kioo karibu kila upande, mfano wa dungu la mlinzi wa shamba la mpunga. Na kazi yake haiko mbali na ile ya dungu, kwani aliyemo ndani ni mlinzi.

Ndani tuliona safu ya mipini ya chuma iliyosimama, urefu wake wafika kifuani, na kila mpini una rangi yake. Mwekundu huendesha ishara ya kusimamisha gari. Wa manjano huendesha ishara ya mbali, inayomwonya dereva mapema. Mweusi hugeuza reli pale njia zinapoachana. Wa buluu hutia kufuli reli hizo zisitikisike gari likipita. Na mweupe hauna kazi. Toka kila mpini mwenye kazi hutoka waya au fimbo ya chuma ipitayo chini ya sakafu, ikaenda nje kando ya reli mpaka kwenye kitu kinachoendeshwa, pengine mbali kabisa.

Mzee mmoja alitupa kitambaa cha kushikia. Kumbe mpini haushikwi kwa mkono mtupu, maana jasho la mkono huleta kutu, na mwenye zamu mwenye kuipenda kazi yake hakubali kuona kutu. Mzee akatwambia tuvute mpini fulani mwekundu. Tukavuta kwa nguvu zetu zote, usiende. Mwenzetu mnene naye akajaribu, akaweka na mguu, wapi! Mzee akacheka, akaenda akageuza kwanza mpini mweusi, kisha wa buluu, halafu akamwambia mwenzetu avute tena. Safari hii mpini ukaja, na nje, mkono wa ishara ukainuka. Maana yake ni hii: chini ya sakafu kuna vyuma vilivyokatwa kwa ufundi, vinavyozuiana, hata mtu asiweze kumwambia dereva "pita" kabla reli hazijawekwa sawa. Twaliona jambo hilo kuwa la akili sana. Chuma kimefundishwa kukataa amri mbaya ya bwana wake.

Juu ya rafu mbele ya mipini ziko kengele na visanduku vyenye sindano, ambavyo kwavyo nyumba moja huzungumza na nyumba jirani, maili kadhaa mbele na nyuma. Kengele moja ni kuita, kama kusema hodi. Kengele nne mfululizo ni kuuliza: gari la mbio laja, je, njia kwako ni wazi? Jirani akikubali, hurudisha zile zile nne, na kugeuza sindano ionyeshe ya kuwa njia ni wazi. Gari likiingia katika kipande chake, hupigwa mbili. Likitoka salama, mbili na moja. Sita ni hatari. Kwa kengele hizo hutunzwa sheria moja ambayo sheria nyingine zote ni watoto wake: baina ya nyumba mbili za ishara, katika reli moja, lisiwemo ila gari moja tu.

Mwenzetu mtoto wa stesheni masta alikuwa kimya muda huo wote. Kisha akatusimulia ya kuwa katika reli ya kwetu, ambako reli ilikuwa moja kwa magari yaendayo na yarudiyo, dereva hakuthubutu kuondoka kituoni mpaka amepewa kibali mkononi. Na baba yake alipoinama juu ya daftari la magari kuandika kibali hicho, hata mama hakumwita. "Chakula kilipoa," alisema. "Mgeni alingoja. Mtoto alilia. Yeye hakuinua kichwa. Sisi watoto tulidhani ana kiburi."

Tukapanda gari lililofuata, tukashuka Ribblehead. Ala! Upepo wa mahali pale! Tulishika kofia zetu kwa mikono miwili. Mbele yako hakuna mti, ila bonde pana la majani ya rangi ya udongo, na katikati yake daraja kubwa la mawe lenye matao 24, urefu wa kwenda juu futi 104 mahali palipo juu zaidi. Ukisimama chini ya tao moja na gari likipita juu, husikia mngurumo kama ngurumo ya mvua, lakini gari lenyewe laonekana dogo kama mchezo wa mtoto.

Chini ya daraja hilo leo ni kondoo tu wanaolisha, lakini mwaka 1870 na miaka iliyofuata palikuwa na kambi ya vibanda vya mbao, na ndani yake watu wapatao 2,000, wafanya kazi na wake zao na watoto wao. Ndui iliingia kambini mwaka 1871. Wengine waliuawa na baruti, wengine na mawe, wengine na baridi na ulevi. Katika makaburi ya kanisa dogo la Chapel-le-Dale, lililo karibu, walizikwa watu wa kambi hizo zaidi ya 200. Ndani ya kanisa liko jiwe la ukumbusho la waliokufa kwa ajali, lililowekwa kwa fedha za kampuni pamoja na fedha za wafanya kazi wenzao. Nalo halitaji jina la mtu hata mmoja. Sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki hatukuweza kusimama pale bila kuwakumbuka Wahindi walioletwa kujenga reli toka Mombasa hata Ziwa Nyanza, baina ya mwaka 1896 na 1901. Walikuja wapata 32,000, na karibu 2,500 katika hao walikufa. Wengi huwajua simba wa Tsavo. Maradhi yaliua zaidi ya simba.

Daraja la Ribblehead nusura liiue njia nzima. Mwaka 1970 stesheni ndogo karibu zote zilifungwa, na katika miaka iliyofuata mwaka 1980 wakubwa wa reli walisema ya kuwa mawe ya daraja yamechakaa, gharama ya kulitengeneza haibebeki, basi njia yote na ifungwe. Watu wakakataa. Wakaunda chama, wakaandika barua za kupinga kwa maelfu. Stesheni ndogo zikafunguliwa tena mwaka 1986, na mwezi wa Aprili mwaka 1989 Serikali ikatoa neno ya kuwa njia haitafungwa. Daraja likatengenezwa, na kumbe gharama haikuwa kubwa kama ilivyotangazwa.

Baada ya daraja kuna handaki la Blea Moor, ambalo urefu wake ni yadi 2,629, na kabla ya handaki ipo nyumba ya ishara iliyo peke yake kabisa nyikani. Hakuna barabara ya kuifikia. Tuliitazama dirishani tukipita, tukamhurumia aliyemo.

Dent hatukushuka. Ni stesheni iliyo juu kuliko zote katika njia kubwa za reli za Uingereza, futi 1,150 juu ya bahari, nayo iko zaidi ya maili nne mbali na kijiji chenye jina hilo, kijiji kikiwa chini bondeni. Ukiwauliza wenyeji kwa nini stesheni ilijengwa mbali hivyo, hujibu ya kuwa watu walipenda iwe karibu na reli. Juu ya mlima, kando ya reli, mataruma ya zamani yamesimamishwa kama ua, kuzuia theluji isiifukie njia.

Sasa twafika Garsdale, na hapa twawaomba mtusikilize vema, maana ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo tulipofahamu kwa nini mwenzetu alitaka twende.

Mpaka mwaka 1932 mahali hapa palijulikana kwa jina la Hawes Junction, kwa sababu njia ndogo ya kwenda mji wa Hawes ilitokea hapa. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1959. Hapakuwa na kijiji, bali nyumba chache za wafanya kazi wa reli, nao walijifanyia kijiji katika stesheni yenyewe: sala zilisaliwa katika chumba cha kungojea, na chini ya tangi kubwa la maji palikuwa na ukumbi, watu wakacheza ngoma za kwao. Palikuwa pia na meza kubwa ya chuma ya kugeuzia injini, nayo imezungushiwa ua wa mataruma. Wenyeji husimulia ya kuwa siku moja upepo uliishika injini juu ya meza hiyo ukaizungusha kama pia, na watu wasiweze kuisimamisha mpaka walipotupa mchanga shimoni. Hadithi hiyo mtu na aipime mwenyewe. Sisi tulipoonja upepo ule tuliisadiki nusu.

Meza hiyo ilikuwa na kazi kubwa kwa sababu ya ule mwinuko tulioutaja. Magari mazito yalipewa injini ya pili ya kusaidia kupanda. Zilipofika Ais Gill, kileleni, futi 1,169 juu ya bahari, injini ya msaada ilifunguliwa, ikaja Hawes Junction kugeuzwa, kisha ikarudi kwao tupu. Mchana na usiku zilikuja injini hizo, na mwenye zamu ilimpasa kuzitafutia nafasi baina ya magari ya abiria na ya mizigo.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba 1910, mkesha wa sikukuu, kazi ilikuwa nyingi mno. Mwenye zamu alikuwa peke yake, ameingia saa 2 ya usiku, atoke saa 12 asubuhi. Mvua na upepo, na giza. Baada ya saa 10 peke yake alikuwa na injini tisa za kurudisha. Saa 11 na dakika 20 alizitoa injini mbili zilizofungwa pamoja, za kwenda Carlisle, akaziweka katika njia kubwa zingoje mbele kwenye ishara ya mwisho, kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa bado halijatoka katika kipande kile. Kisha akageukia kazi nyingine, na nyingine, na nyingine. Naye akazisahau.

Hazikuonekana toka dirishani. Kengele haikuwa na la kusema juu yake. Vyuma vile vya chini ya sakafu, vinavyojua kukataa amri mbaya, navyo havikuweza kumkataza, kwa maana reli zilikuwa zimewekwa sawa. Likaja gari la mbio la usiku, lililotoka London kwenda Glasgow. Akauliza mbele, akajibiwa njia ni wazi. Akavuta mipini yake, akafungua ishara zote. Madereva wa zile injini mbili, waliokuwa wakingoja kwa subira, wakaona mkono wa ishara ukiwaruhusu, wakapiga filimbi, wakaenda zao polepole. Dakika chache nyuma yao likapita gari la mbio, nalo lakimbia maili 60 kwa saa. Likazikuta mbele kidogo, baada ya handaki. Mabehewa ya zamani yalimulikwa kwa gesi iliyotiwa katika mitungi chini ya sakafu. Mitungi ikapasuka, moto ukashika. Watu 12 walikufa. Mwenye zamu, alipoanza kushtuka na kutafuta katika daftari lake habari za injini mbili, upande wa kaskazini mbingu ilikuwa nyekundu.

Uchunguzi ulipofanywa, mtu yule hakuficha neno. Lakini ilionekana pia ya kuwa kulikuwako kanuni ya kumlazimu dereva aliyesimamishwa muda mrefu penye ishara amtume mtu aende kwa miguu mpaka nyumba ya ishara, akamkumbushe mwenye zamu, "Sisi tupo hapa." Usiku ule hakwenda mtu. Mvua ilikuwa kubwa, na kila mmoja alidhani ya kuwa anakumbukwa.

Baada ya ajali ile watu walihimizwa kutumia kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kubuniwa. Hutiwa umeme mdogo sana ndani ya reli zenyewe. Gari likisimama juu yake, magurudumu huukata umeme huo usifike mwisho, na ndani ya nyumba ya ishara chombo huonyesha ya kuwa pana kitu njiani, na mpini hufungwa usivutike. Tena kuna njia nyepesi zaidi, tuliyoonyeshwa asubuhi pale Settle bila kuifahamu thamani yake: pete ya chuma. Mwenye zamu akisimamisha gari mahali, huivika pete hiyo kichwani mwa mpini, hata mkono wake ukienda kuushika, ugote kwenye pete. Tulipoionja mikononi ilikuwa nzito kidogo, imeng'aa kwa kushikwa.

Mahali penyewe miaka michache baadaye palipata msiba mwingine, tarehe 2 Septemba 1913, karibu na kilele cha Ais Gill, watu 16 wakafa. Lakini hapo ishara zilikuwa zimefungwa na dereva akazipita bila kuziona, basi habari hiyo ni ya injini, si ya nyumba ya ishara.

Mtauliza, na nyumba ile ya mwaka 1910 imekwenda wapi? Haikwenda popote. Ilijengwa mwaka ule ule, miezi michache tu kabla ya ajali, na iko pale pale mwishoni mwa jukwaa, imepakwa rangi safi. Na si nyumba ya ukumbusho. Tulipofika, mtu alikuwamo, twamwona kwa dirisha akienda na kurudi, na mara kwa mara husikia mpini ukianguka mahali pake kwa kishindo. Hatukuomba kuingia. Mwenzetu alitukataza hata kusimama karibu na ngazi, nasi tulikuwa tumekwisha fahamu sababu.

Tukangoja gari la kurudi, tukazungukazunguka. Jukwaani kuna sanamu ya mbwa, jina lake Ruswarp. Bwana wake alikuwa katika waliokianzisha kile chama cha kuitetea reli, na alama ya mguu wa mbwa ilitiwa katika orodha ya waliopinga, kwa kuwa naye alikuwa abiria aliyelipiwa nauli. Mwezi wa Januari mwaka 1990 walikwenda wote wawili kutembea milima ya Wales, wasirudi. Mwezi wa Aprili bwana alionekana amekufa kando ya mto, na mbwa yupo naye, yu hai. Alikuwa amekaa hapo majuma 11 ya baridi. Sanamu yaelekea milimani.

Jua lilipotua baridi ikazidi, taa zikawashwa. Mwenzetu alisimama peke yake ukingoni mwa jukwaa, mikono mfukoni. Alipoturudia alisema neno moja tu, ya kuwa baba yake alistaafu bila gari kugusana na gari katika kituo chake, na hakuna mtu aliyemshukuru, kwa maana hakuna lililotokea.

Kwa mbali ndani ya nyumba ya ishara tukasikia kengele, moja, kisha nyingine kadhaa. Mpini ukavutwa, waya ukalia kando ya reli, na juu ya vichwa vyetu mkono wa ishara ukainuka. Gari likaja, tukapanda. Tulipopita mbele ya dirisha lile, mwenye zamu alikuwa ameinama mezani, anaandika. Mwenzetu aliinua mkono kumwamkia. Yule hakuinua kichwa, naye mwenzetu akakaa chini akitabasamu.